Watoto wanataja wanyama wote kitabuni, kisha kimya. Nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Nina watoto 61 na vitabu vinne vya picha za wanyama. Kimoja kina picha za kamera za wanyama wa kwetu. Vitatu ni vya msaada kutoka nje, vina dubu aliyevaa suruali na pengwini mwenye kofia. Kila asubuhi nanyanyua kitabu nauliza, "Hii ni nini?" na darasa zima linaitikia, "Simbaaa!" Majina yote wanayajua. Nikiuliza zaidi ya hapo, kimya. Mwenzangu ananishauri nitumie vitabu hivi kufundishia herufi tu, yaishe. Pia nina mtoto mmoja wa wafugaji ambaye tangu Januari hajatamka neno darasani. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, salaam. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu darasa unalolieleza nimelikuta mahali pengi sana katika miaka yangu ya kuwatembelea walimu wa awali. Kitabu juu, mwalimu anauliza, darasa linaitikia kwa sauti moja, na mgeni aliyekaa nyuma anaondoka ameridhika. Wewe hukuridhika. Hapo pana nusu ya jibu tayari.

Anza kwa kujipimia mwenyewe. Kesho wakati wa uji, mwite mtoto mmoja pembeni, umfungulie ukurasa ule ule wa simba, useme tu, "Niambie unachokiona hapa." Kisha mwite mwingine, na mwingine. Utagundua kwamba baadhi ya waliokuwa wakiitikia kwa nguvu walikuwa wakifuata mwangwi wa jirani. Utagundua pia kwamba wanaolijua jina hawana la kuongeza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaomba waongeze. "Hii ni nini?" ni swali lenye jibu la neno moja. Likishajibiwa limekufa. Watoto hawanyamazi kwa sababu hawajui. Wananyamaza kwa sababu kwa uzoefu wao jina likishatajwa, ukurasa hufunuliwa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti juu ya wazazi wenye watoto wa kati ya umri wa karibu miaka miwili na mitatu. Wazazi wote waliwasomea watoto wao vitabu vya picha kwa kiasi kile kile. Tofauti ilikuwa moja: kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali yasiyo na jibu la neno moja, kurefusha kile mtoto alichosema, na kumwachia mtoto nafasi ya kuwa msimuliaji. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi hilo walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kuzungumza. Vitabu havikuongezwa. Kilichobadilika ni nani anayesema.

Sasa twende kwenye ukurasa, maana ushauri usio na ukurasa mkononi hausaidii. Vitabu vingi vya picha za wanyama wa kwetu vina picha ya twiga akinywa maji, na nitaichukua hiyo. Kama chako hakina, chora. Hata mchoro mbaya unatosha.

Usianze na jina. Kaa kimya na watoto watazame kwanza. Kisha sema, "Mh! Hebu angalieni miguu yake." Nyamaza tena. Mmoja atasema, "Ameachanisha." Chukua neno lake hilo hilo ulirefushe: "Ndiyo, twiga ameachanisha miguu ya mbele. Ameipanua sana. Kwa nini amefanya hivyo?" Hapa hesabu moja mpaka tano moyoni kabla ya kufungua mdomo. Tano ni ndefu kuliko unavyodhani, na walimu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, hukata tamaa kwenye mbili na kujijibu wenyewe. Usijijibu. Atatokea mtoto wa kusema, "Anataka kuanguka," mwingine, "Anachuchumaa," mwingine, "Hafiki." Huyo wa mwisho amekaribia. Sasa wasimamishe wote na uwaambie wajaribu kugusa sakafu bila kukunja magoti. Halafu wapanue miguu, wajaribu tena. Watacheka, wataangukiana, na watakuwa wamemwelewa twiga kwa miili yao wenyewe. Shingo yake ndefu kote kule haifiki chini, kwa sababu miguu yake ni mirefu zaidi. Ni lazima aipanue au aikunje ndipo mdomo uguse maji.

Ukiona wana hamu bado, waambie waguse nyuma ya shingo zao, wapapase vijifupa. Shingo ya mtu ina mifupa saba. Na ya twiga? Waache wakisie: mia! elfu! Ni saba. Yake ni mirefu tu. Nimewaona watoto wa miaka mitano wakirudi nyumbani na jambo hili na kumsumbua kila mtu mzima njiani.

Halafu uliza swali moja la mwisho: "Pale nyuma kuna twiga mwingine, hanywi. Anafanya nini?" Hili halina jibu moja, na watoto waliokulia mifugoni hulijibu haraka kuliko wengine, kwa sababu wanajua kwamba kundi likiinamisha vichwa lazima mmoja awe macho.

Ukurasa mmoja, dakika 15. Usifunue wa pili. Kesho urudie ule ule, lakini safari hii wao wakusimulie wewe, na wewe ujifanye umesahau.

Niseme kidogo kuhusu lugha, kwa maana hapa ndipo vitabu vya wanyama vinapotufaa kuliko vitabu vya aina nyingine, na sioni walimu wengi wakipatumia. Uliandika kwamba unauliza "Hii ni nini?" Mnyama kwa Kiswahili ni "huyu". Si kosa la kukutoa jasho, lakini mtoto anasikia. Kiswahili kinawapa wanyama heshima ya viumbe hai hata pale majina yao yanapoanza kwa ki-. Kitabu kimechanika, lakini kifaru amechoka. Kikombe kimeanguka, lakini kipepeo ameanguka. Kiboko amepanua mdomo, kinyonga amebadilika rangi, kifaranga amepotea. Darasa lako lina watoto wanaozungumza Kiluguru, Kikaguru, Kisagara au Kimaasai nyumbani, na kwao utaratibu huu haujakaa sawasawa. Watasema, "Kiboko kimelala." Usimkate mtoto, usimwambie "si hivyo." Itikia kana kwamba amesema sawa, ila wewe useme ilivyo: "Kweli, kiboko amelala. Amelala majini au nchi kavu?" Amesikia, na mazungumzo hayakukatika. Rudia hivyo mara ishirini kwa muhula, bila kutaja neno ngeli hata mara moja, na utamsikia siku moja akimsahihisha mdogo wake. (Wakisema "ng'ombe zetu" waache kabisa. Ndivyo watu wanavyosema, hata mimi.)

Kuna la pili. Picha inafundisha nyakati. Kinachoonekana ukurasani ni cha sasa: simba analala, au tuseme vizuri zaidi, simba amelala. Kile tunachokijua juu ya simba ni cha siku zote: simba huwinda, simba hunguruma. Ukizoea kuuliza maswali mawili yakifuatana, "Huyu anafanya nini?" na kisha "Simba hufanya nini usiku?", mtoto anajifunza tofauti ya "ana-", "ame-" na "hu-" bila daftari. Pia milio. Usiishie kwenye "mee" na "nyau". Mbwa hubweka, jogoo huwika, simba hunguruma, nyuki huvuma. Vitenzi hivi vinapotea kwa watoto wa sasa, na mimi vinaniuma vikipotea. Mtoto anayesema kila mnyama "analia" ameachwa na neno moja mahali palipo na maneno kumi. Na majina ya rika na jinsia: ndama, mtamba, fahali, maksai, kifaranga, mtetea, jogoo, beberu. Kilosa hamhitaji kitabu kwa haya, mlango wa darasa unatosha.

Najua unafikiria: watoto 61! Twiga yule wa dakika 15 hawezi kufundishwa kwa watu 61 mbele ya kitabu chenye ukubwa wa sahani. Ni kweli, na usijaribu. Wagawe makundi manane ya watoto saba au wanane. Kila siku kaa mkekani na makundi mawili, asubuhi moja na baada ya uji moja. Kwa siku nne utakuwa umefikia wote, na Ijumaa mkae wote pamoja kwa mchezo. Wakati umekaa na kundi, wengine wape udongo wa mfinyanzi wafinyange mnyama yule yule wa wiki, vizibo vya soda wapange, au mchanga wachore kwa vidole. Kelele zitakuwapo. Kelele za kazi hazina ubaya, na mwalimu mkuu akikuuliza mwonyeshe wale twiga wa udongo.

Mchezo wa Ijumaa ni huu: chukua karatasi ya manila, toboa tundu la ukubwa wa sarafu, ifunike picha, darasa lione kipande tu. Mistari myeusi na myeupe. Ncha ya mkia. Jicho. Usikubali jina peke yake, kila anayekisia aambiwe, "Umejuaje?" Swali hilo moja lina thamani kuliko mengine yote niliyokwisha kuyataja. Mtoto anayesema "ni duma kwa sababu ana michirizi kama ya machozi usoni, chui hana" ameshaanza kufikiri kama mtu wa sayansi. Kwa hiyo weka duma na chui siku moja, makusudi. Chui ana madoa yaliyokusanyika kama maua, duma ana madoa moja moja ya mviringo. Watu wazima wengi huchanganya hawa wawili, na watoto wako wataringa sana.

Sasa dubu wako wa suruali. Nijibu bila kuzunguka: usimtupe, lakini usimtumie kufundishia wanyama. Kuna utafiti wa mwaka 2014 wa Patricia Ganea na wenzake, uliowapa watoto vitabu juu ya wanyama wasiowajua. Vingine viliwaeleza wanyama walivyo, vingine viliwaeleza kama watu. Watoto waliosomewa vya aina ya pili walijifunza mambo machache zaidi ya kweli, na waliamini zaidi kwamba mnyama halisi ana mawazo na hisia kama za mtu. Ganea huyo huyo alikuwa katika utafiti mwingine wa mwaka 2008 uliohusu watoto wa miezi 15 na 18: walihamisha walichojifunza kitabuni kwenda kwenye vitu halisi vizuri zaidi pale picha zilipofanana na uhalisia, hasa picha za kamera, kuliko zilipokuwa vikatuni. Wako ni wakubwa kuliko hao, lakini wazazi wenye wadogo zao mgongoni watakuuliza wanunue kitabu gani, na hilo ndilo la kuwajibu. Waambie pia wasihangaike na vile vya bei kubwa vyenye vipande vya kufunua na kuvuta. Mtoto mdogo hushughulika na kipande, mnyama akasahaulika.

Je, sungura na fisi wetu? Wanaongea, wanalima, wanadanganyana, tuwafute? Hapana. Bibi zetu walitatua tatizo hili kabla ya watafiti. Hadithi ina mlango wake. Mtu anasema "Paukwa!", watoto wanajibu "Pakawa!", na kila aliyeketi anajua kwamba sasa tumeingia mahali ambapo sungura anaweza kusema. Mlango huo ndio unaokosekana katika vitabu vile vya msaada. Uweke wewe. Siku ya dubu wa suruali, funga kitabu cha picha za kamera, sogeza mkeka, sema "Paukwa!", kisha usimulie dubu kwa Kiswahili chako mwenyewe bila kujali kilichoandikwa. Mwishoni uliza, "Dubu wa kweli huvaa suruali?" Watapiga kelele hapana. Waeleze kwamba dubu ni mnyama wa nchi za mbali, porini kwetu hayupo, na pengwini ni ndege asiyeruka ila huogelea. Inatosha.

Jambo moja ningependa ulijue kuhusu hadithi za maadili. Watafiti wa Toronto, Ganea akiwemo tena, waliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi ya kugawana na wenzao, wengine wakisomewa yenye wahusika watu, wengine ile ile yenye wahusika wanyama waliofanywa kama watu. Waliosomewa ya watu ndio waliogawana zaidi baadaye. Kwa hiyo ukitaka watoto waache kunyang'anyana chaki, wasimulie juu ya mtoto aliyenyang'anya chaki. Sungura mwache afanye kazi yake ya ujanja na kicheko, ambayo anaiweza kuliko wote.

Kitabu kina udanganyifu mwingine ambao ni wa lazima: ukubwa. Siafu anajaza ukurasa, tembo anajaza ukurasa. Nilimkuta mtoto mjini, mwerevu, aliyedhani tembo ni kama mbuzi mnene. Dawa yake ni chaki na kamba. Twiga anayezaliwa leo ana urefu wa karibu meta 1.8. Chora alama ukutani kwa urefu huo, kisha simama chini yake. Mtoto mchanga wa twiga huenda akakuzidi, mwalimu. Twiga dume mzima hufika zaidi ya meta tano: kata kamba ya meta tano muilaze uwanjani, watoto walale juu yake kichwa kwa miguu, wahesabu wametosha wangapi. Ndama wa tembo huzaliwa na kilo 100 hivi, yaani magunia mawili ya saruji, baada ya kubebwa tumboni miezi 22. Watoto wa awali hawajui miezi 22 ni nini. Waambie ni kama ungeanza darasa la awali, ukamaliza, ukaingia la kwanza, ukakaribia kumaliza, ndipo tembo anazaa.

Na hapo kwenye tembo, tahadhari. Ninyi mko jirani na Mikumi. Watoto wako wengine wamepita kwa basi kwenye barabara kuu ya Iringa wakaona nyani kando ya lami na twiga mbali kidogo. Wengine tembo wanamjua kwa sababu alikuja usiku akala mahindi ya nyumbani. Kitabu kinasema "tembo ni rafiki yetu", na mtoto anakumbuka baba yake akipiga debe gizani. Usimlazimishe mtoto huyo kukubaliana na kitabu. Mwambie, "Simulia." Kisha waulize wengine, tembo alikuwa anatafuta nini shambani? Mtoto anaweza kujifunza kwamba mnyama ni wa thamani na ni wa hatari, yote mawili kwa siku moja. Nina hasira kidogo na picha za watoto wanaokumbatia simba. Kwa watoto wa Ulaya ni mchezo, kwa wa vijijini kwetu ni somo baya. Ukifika ukurasa wa mbwa, sema wazi: mbwa tusiyemjua hatumshiki, mbwa anayekula hatumsogelei, na akikuuma mwambie mtu mzima saa ile ile. Wazazi nao waambie, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona.

Upande wa pili wa hofu ni bundi na kinyonga. Watoto watakuambia bundi ni mkosi, kinyonga apigwe mawe. Usimdharau bibi aliyewaambia. Waonyeshe tu picha, muulizane bundi anakula nini usiku, na mtafika kwenye panya, na panya wanakula nini, na mtafika ghalani. Popo je, ni ndege? Anaruka, lakini ana manyoya ya mwili kama panya, anazaa na kunyonyesha. Waache wabishane juu ya popo wiki nzima.

Kuhusu herufi, mwenzako hajakosea kabisa. Mwaka 1658 Comenius, mwalimu wa Moravia (leo ni sehemu ya nchi ya Cheki), alichapisha huko Nuremberg kitabu cha picha kwa watoto, ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza cha aina yake. Karibu na mwanzo wake herufi zinafundishwa kwa sauti, nyingi zikiwa milio ya wanyama: kunguru analia hivi, kondoo hivi, na herufi yake ndiyo hii. Ona alichotanguliza. Sauti kwanza, umbo la herufi baadaye. Nawe fanya hivyo. Sungura, simba, swala: watoto wasikie wanaanza sawa kabla hujaandika chochote ubaoni. Ng'ombe na nyani ni hazina, kwa sababu ng' na ny ni sauti zinazowatesa watoto wakifika darasa la kwanza, na hapa wanazipata midomoni mwao mapema. Piga makofi kwa silabi: pa-ka, su-ngu-ra, nu-ngu-nu-ngu, wanampenda nungunungu kwa sababu anawachosha mikono. Mbwa, nzi na nge waache kwanza. Majina mafupi yanawagawanya hata wakubwa. Lakini haya yote ni dakika tano baada ya mazungumzo. Ukiyafanya kuwa somo lenyewe, utarudi kwenye kuitikia kwa pamoja, safari hii "S! Simbaaa!"

Vitabu vinne havitoshi, na huna haja ya kusubiri msaada mwingine. African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili zinazopakuliwa bure na kuchapishwa. Zimo fupi za kurasa chache, na steshenari ya Kilosa mjini itakutolea. Lakini vitabu bora zaidi mtavitengeneza wenyewe. Toka nje na kundi moja, mtafute wanyama wasiozidi kiganja: konokono, jongoo, mjusi, panzi. Rudini, kila mtoto achore alichoona. Kisha inama kwake, muulize, na uandike chini ya mchoro maneno yake hasa: "Jongoo amejikunja kwa sababu nilimgusa." Usimrembeshee. Toboa kurasa, shona kwa uzi wa gunia, jalada la boksi. Mtoto akiona sauti yake imegeuka maandishi, na kesho mwalimu anayasoma mbele ya wenzake na ni yale yale, ameelewa kusoma ni nini. Hata mkaguzi akija, vitabu hivyo vikiwa vimening'inia ukutani vinaeleza kazi yako vizuri kuliko andalio la somo.

Nimemwacha mwisho yule mtoto wa wafugaji, kwa sababu nimemfikiria kuliko mengine yote. Hajasema tangu Januari katika lugha ambayo pengine si ya nyumbani kwake, mbele ya watoto 60, juu ya maswali ambayo wenzake wanayajibu kwa kelele. Hilo peke yake linatosha kumfunga mdomo. Hata hivyo muulize mama yake kama nyumbani anasema na kusikia vizuri, na ukiwa na shaka mpelekeni kituo cha afya masikio yaangaliwe.

Kisha tafuta ukurasa wa ng'ombe. Mkae wawili, mbali na wengine, siku ambayo huna haraka. Usimuulize swali lolote. Weka kidole juu ya ng'ombe, useme jambo lisilo sahihi kidogo: "Huyu fahali mzuri," ilhali ni jike mwenye kiwele. Mtoto aliyekulia zizini hawezi kulivumilia hilo. Huenda asiseme, atakuonyesha kiwele kwa kidole. Mshukuru: "Kumbe! Ni jike. Sikuona." Akisema jina kwa Kimaasai, au kwa lugha yoyote ya kwao, lirudie kama alivyolitamka, hata ukikosea, kisha uweke la Kiswahili kando yake. Watoto wa wafugaji huwajua ng'ombe wa nyumbani mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa mabaka, mara nyingi na kwa majina. Mpe karatasi achore mmoja wao. Muulize anaitwaje.

Jina atakalokutajia liandike chini ya mchoro kwa herufi kubwa, pamoja na jina la mtoto. Ufanye huo uwe ukurasa wa kwanza wa kitabu cha darasa, na Ijumaa, kabla ya mchezo wa tundu, umnyanyue ng'ombe huyo mbele ya darasa zima. Watauliza huyu ni wa nani.